Mkoba wa utambulisho wa kidijitali: tufanye nini na skrini ya ridhaa?

Mbunifu_Moro
Ndugu wanajukwaa, ninashiriki kusanifu programu ya simu itakayomwezesha mwanachama wa bima ya afya kuthibitisha utambulisho wake mtandaoni bila kutuma picha ya kitambulisho kwa WhatsApp, kama ilivyozoeleka. Tumejifunza mengi kutoka kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2024/1183, inayozitaka nchi wanachama ziwe zimetoa mkoba wa aina hii ifikapo mwisho wa mwaka 2026. Upande wa ufunguo binafsi (siri ya kidijitali ambayo mkoba huitumia kuthibitisha kuwa ni wa mwenyewe) hautusumbui sana, kwa kuwa unazalishwa ndani ya chipu ya usalama ya simu na hautoki humo. Kinachotukwamisha ni skrini ya ridhaa: katika majaribio, watu wanabonyeza "Kubali" kabla hawajasoma ni nani anayeomba taarifa zao. Je, tuongeze maelezo, au tuwalazimishe wasubiri sekunde kadhaa?

Fundi_Itifaki
Msifanye lolote kati ya hayo mawili, kwani maelezo yakirefuka ndivyo yanavyozidi kurukwa. Anzeni kwa kupunguza kinachoombwa. Katika viwango kama ISO/IEC 18013-5, kile cha kimataifa cha leseni ya udereva ya kwenye simu, mtoaji wa hati hutia sahihi ya kidijitali taarifa zikiwa zimetenganishwa moja moja, kwa hiyo mwenye mkoba anaweza kufunua moja na kuziacha nyingine zimefunikwa, na sahihi ikabaki halali. Linganisheni na namba ya NIDA yenye tarakimu 20: nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, hivyo anayetoa namba ametoa na umri wake, atake asitake. Kanuni mliyoitaja pia inamtaka anayeomba taarifa ajisajili mapema na kutaja anachokusudia kuomba, maana si haki mzigo wa kumtambua mdanganyifu uachwe kwa mtumiaji peke yake.

Baada ya hapo, badilisheni kitufe. "Kubali" haisemi kitu. "Ipe zahanati jina na namba ya uanachama" inasema yote kwa mstari mmoja.

Mkazi_wa_Göteborg
Naunga mkono, ila kitufe kizuri hakitoshi. Hapa Sweden tunatumia BankID, utambulisho wa kidijitali unaotolewa na benki, iliyoanza mwaka 2003, na kwa miaka mingi matapeli walikuwa wanampigia mtu simu wakijifanya watu wa benki, wanaingiza namba yake ya utambulisho kwenye tovuti, kisha wanamwambia afungue programu na kuweka namba yake ya siri. Kriptografia yote (hesabu za kulinda taarifa) ilifanya kazi barabara, na mtu akaibiwa. (Ni ndugu wa "ile pesa tuma kwenye namba hii", amevaa suti tu.) Tangu Mei 2024 huduma zinatakiwa kuanzisha uthibitisho kwa msimbo wa QR unaobadilikabadilika, au kwa kufungua programu moja kwa moja kwenye kifaa kilekile, kwa sababu anayepigiwa simu hawezi kwa urahisi kuchanganua kwa kamera msimbo ulio kwenye skrini ya tapeli. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kama mtumiaji amesoma, hakikisheni kwamba ombi analoliona limetoka kwenye kikao alichokianzisha mwenyewe.

Estonia wanatenganisha pia namba za siri: PIN1 ya kuingia na PIN2, iliyo ndefu zaidi, ya kutia sahihi. Kwa mambo mazito kama kubadilisha wategemezi wa bima, ningeiga hilo.

Afisa_Usajili
Mimi niko kaunta, naona mengine. Simu moja nyumbani hutumiwa na mama, mtoto na shemeji, na alama za vidole vya wote zimo, kwa hiyo kufunguka kwa simu si ushahidi kwamba aliyeishika ndiye mwanachama. Mkoba uwe na namba yake ya siri. Halafu, simu ikipotea, tafadhali msirudishe mkoba kwa ujumbe mfupi pekee: anayefanikiwa kuihamisha laini ya mtu kwenye kadi nyingine atakuwa ameuhamisha na utambulisho wake. Afadhali mwanachama aje ofisini, athibitishwe kwa kidole, hati ya zamani ya mkobani ifutwe na mpya itolewe. Na asiye na simu janja aendelee kuhudumiwa kwa kadi bila kusimangwa.

Mbunifu_Moro
Nashukuruni. Wazo la kusubirisha watu tumelifuta. Swali moja: zahanati ikikosa mtandao, uthibitisho utafanyikaje?

Fundi_Itifaki
Kiwango nilichokitaja kinaruhusu hilo: simu na kisomaji cha zahanati huwasiliana kwa Bluetooth au NFC, na kisomaji hukagua sahihi kwa ufunguo wa umma wa mtoaji (ule usio siri, wa kukagulia sahihi zake) kilichokwisha kuuhifadhi. Tatizo ni hati zilizofutwa, kwa sababu orodha yake huchakaa kisomaji kisipoingia mtandaoni. Amueni orodha ya siku ngapi bado inakubalika, na tarehe yake ionekane kwenye skrini ya mhudumu.