Muuguzi mwenye ajira ya kudumu aache kazi aende Ujerumani? Tujadili

Mleta mada, Tanga

Wakubwa shikamoo, wenzangu habari za jioni. Naleta jambo lililoshagawa nyumba yetu: mama mkwe hataki kulisikia, mume wangu anasema "amua wewe", na hiyo "amua wewe" yake ndiyo inayonitisha zaidi.

Mimi ni muuguzi. Diploma ya miaka mitatu, leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, mwaka wa sita huu hospitali ya wilaya, ajira ya kudumu. Anayejua mtaa ulivyo anajua uzito wa maneno hayo ya mwisho. Kijerumani nimesoma usiku kwa usiku, B1 nimeipata, ngazi ya tatu kati ya sita; inayofuata ni B2. Sasa nina milango miwili. Wakala mmoja ananipeleka Munich kwenye mafunzo ya uuguzi ya miaka mitatu, wenyewe wanayaita Ausbildung: naanza upya kama mwanafunzi, ila nalipwa posho. Mlango wa pili nimeugonga mwenyewe kwa barua pepe: hospitali moja ya Leipzig iko tayari kunichukua kama msaidizi wodini wakati cheti changu kinapimwa.

Mtoto ana miaka minne. Mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara umebakiza miezi kumi na tisa.

Lakini sikuja kuulizia visa. Nilipomdokeza mfawidhi wangu hakunigombeza. Alisema tu, "Usiku mko wawili kwa vitanda arobaini. Hesabu mwenyewe." Tangu siku hiyo nahesabu. Kwa hiyo mada ni hii: mtu aliyeajiriwa na umma, kwenye kazi yenye uhaba, ana haki ya kuaga? Na kama anayo, anaaga kwenda wapi hasa? Semeni, msinionee haya.

Mstaafu, Muheza

Marahaba binti yangu. Nimekuwa tabibu kwenye zahanati za vijijini huku mpaka nikastaafu, kwa hiyo sitakuonea haya kama ulivyoomba.

Hapo hapo Tanga ndipo Wajerumani walipoanza kujenga reli 1893, na mwaka huo huo mkonge ukaletwa. Reli ilikuja kubeba mazao. Leo hawahitaji reli. Zao linajisafirisha lenyewe na nauli linajilipia. Usicheke. Shirika la Afya Duniani lilipitisha 2010 kanuni za kuajiri watumishi wa afya kutoka nchi nyingine, na kwenye orodha yake ya 2023 ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi hao, Tanzania imo. Maana yake nchi tajiri haitakiwi kuja kuvua wauguzi hapa hivi hivi, bila makubaliano na serikali yetu. Huyo wakala wako anavua.

Mwaka mmoja mkunga wetu aliolewa akahamia Moshi. Hata mpaka hakuvuka. Miezi minane nilizalisha peke yangu, na mimi si mkunga. Sitaeleza zaidi.

Mhitimu asiye na ajira, Mwanza

Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, hapo unamtwika dada mzigo wa hazina. Mimi nimemaliza diploma 2019. Nimejitolea hospitali miaka miwili, nauli ya daladala natoa mfukoni. Kwenye mfumo wa ajira nimeomba mpaka nenosiri naliota. Wodi hazina watu, mtaani wauguzi tumejaa, na kinachokosekana hapo katikati ni fedha za mishahara. Hilo dada atalitibu kwa kubaki?

Dada nenda. Nenda hata kesho. Nipishe.

Mstaafu, Muheza

Mwanangu, nafasi yake haikusubiri wewe. Akiondoka, kibali cha kuijaza kinaweza kuchukua mwaka au zaidi. Na siku utakayofika, yeye alikuwa na miaka sita mikononi, wewe utakuwa na miwili ya kujitolea. Sikudharau. Nahesabu vitanda kama mfawidhi.

Mhitimu, Mwanza

Sawa mzee. Ukihesabu vitanda, uhesabu na sisi.

Muuguzi, Leipzig

Nimewasoma kwenye tramu nikitoka zamu ya usiku. Hoja ya mzee ni nzito na dawa yake sina; mimi mwenyewe niliacha wodi. Nitajibu nusu ya pili ya swali, anaaga kwenda wapi, maana hapo ndipo wengi wanapoumia.

Dada, mtu hahamii Ujerumani. Anahamia mji mmoja, kwa mwajiri mmoja, kwenye kituo ambacho basi la saa kumi na moja alfajiri linapita au halipiti. Chumba kwenye nyumba ya kushirikiana Munich wastani wake ni kama yuro 800 kwa mwezi. Hapa Leipzig unakipata kwa karibu nusu ya hiyo. Posho ya mwanafunzi wa uuguzi kwenye hospitali za umma, mwaka wa kwanza, ilikuwa kama yuro 1,400 kabla ya makato mwaka 2025, na bima za lazima peke yake zinakula karibu moja ya tano. Toa chumba, toa rejesho la benki, toa cha mtoto. Utakula nini, theluji?

Halafu kwa nini urudi darasani miaka mitatu wakati wewe ni muuguzi? Sheria yao inamtaka muuguzi awe amesoma saa 2,100 darasani na 2,500 wodini. Mamlaka ya jimbo inalinganisha na zako, inakuandikia pengo liko wapi, nawe unaliziba kwa mtihani au kwa kipindi cha mafunzo ya nyongeza. Kwa hiyo kabla hujafunga begi rudi chuoni kwako, udai karatasi yenye saa za kila somo na za kila wodi uliyopita, na muhuri. Mimi nilikuja na cheti na alama tupu. Nilikaa miezi kumi na minne nabeba sinia za chakula kwa sababu karani wa chuo kila nikipiga alikuwa anasema "piga kesho". Kubeba boksi kuna aina nyingi, hii ni ya wasomi.

Mengine madogo. Siku ya kujiandikisha manispaa utaulizwa dini. Ukiandika Mkatoliki au Mlutheri, kodi ya kanisa inakatwa humo humo kwenye mshahara, asilimia 8 au 9 ya kodi yako ya mapato kutegemea jimbo. Mimi nilijaza kwa unyofu wa mtoto wa kipaimara. Ada ya redio na televisheni ni yuro 18.36 kwa mwezi kila nyumba, uwe na televisheni usiwe nayo. Na Desemba jua linazama saa kumi jioni. Hilo huambiwi na mtu, unaliona tu umetoka kazini, giza, unadhani umelala kituoni.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Munich

Kaka umesema kweli, ila nusu. Mimi nilikuwa na diploma kama ya dada, na darasa nilichagua kwa kukusudia. Hospitali yangu ina hosteli ya watumishi, kodi yake haifiki nusu ya hiyo 800. Hospitali nyingine hazina, ndiyo maana swali la kwanza kwa mwajiri wa Munich liwe "nitalala wapi", la pili ndiyo mshahara. Miaka hii mitatu nimejifunza lugha ya wodini, ile ya bibi wa miaka tisini asiye na meno, anayeongea Kibavaria na anataka choo sasa hivi. Hakuna B2 inayofundisha hiyo. Nikimaliza cheti changu ni cha kwao, hakuna wa kukipima. Nina wenzangu wawili waliopitia njia ya kupimwa, mtihani wameurudia wote.

Ila ukweli mmoja siufichi: mimi sina mtoto. Kwa posho hii kumleta mume na mtoto usahau. Wanataka kipato cha kutosha na nyumba ya kutosha, na mwanafunzi hana hata kimoja.

Na wewe wa Leipzig, mbona hukumwambia habari za jimbo lenu la Sachsen? Uchaguzi wa Septemba 2024 AfD, chama kinachopinga wahamiaji, kilipata zaidi ya asilimia 30 ya kura hapo. Mtu mweusi anayechagua mji anahesabu na hilo.

Muuguzi, Leipzig

Umenikamata. Leipzig mjini si kama vijiji vinavyoizunguka, hata kura zake haziko hivyo. Lakini nisidanganye: wagonjwa wawili walishakataa nisiwaguse. Muuguzi mkuu wa zamu, Mjerumani, akawaambia basi watasubiri mpaka asubuhi. Mmoja alisubiri kweli. Wa pili ilipofika saa nane usiku alibonyeza kengele.

Jirani, Mombasa

Nawasalimu kutoka upande wa pili wa mpaka. Kwetu, Septemba 2024, Rais Ruto alikwenda Berlin, ukatiwa saini mkataba wa uhamiaji na kazi kati ya Kenya na Ujerumani. Papo hapo ikaenea habari ya nafasi 250,000. Wizara ya mambo ya ndani ya Ujerumani ikakanusha: mkataba hauna idadi yoyote. Kanusho halikufika mtaani kwangu. Kilichofika ni mawakala na fomu za usajili. Binamu yangu alilipa, na hadi leo anangojea "kundi la pili".

Dada wa Tanga, umetupa kila kitu, kodi, mkopo, umri wa mtoto. Wakala anakudai pesa ngapi? Hapo mbona umeruka?

Mleta mada, Tanga

Milioni nne na nusu. Nusu sasa, nusu visa ikitoka. Na mkataba unasema nikiacha mafunzo kabla ya mwaka kwisha narudisha gharama zote za "maandalizi". Kiasi hakijaandikwa.

Jirani, Mombasa

Hakijaandikwa kwa sababu wanangoja kukuona una kiasi gani.

Mdau, Dar es Salaam

Mnasahau uraia. Mkenya akichukua uraia wa Ujerumani anabaki Mkenya, Katiba yao ya 2010 inamruhusu. Ujerumani nayo imeruhusu uraia pacha tangu 27 Juni 2024, na miaka ya kungoja imeshuka kutoka minane hadi mitano. Anayebana ni sisi: Mtanzania mtu mzima akichukua wa kwao kwa hiari anaupoteza wa kwetu, na ardhi mtu asiye raia hamiliki kama raia anavyomiliki. Dada, kama kuna kiwanja andika jina la mume mapema. Najua wanawake mtanirushia mawe.

Mleta mada, Tanga

Jiwe la kwanza hili hapa. Kiwanja nilinunua kwa fedha ya kikoba kabla ya ndoa, jina linabaki langu, na pasi ya mtu sichukui.

Sasa nirudi kwenye mada. Nimesoma yote, mengine mara mbili. Munich nimeifuta. Dada wa Munich, hoja yako ya lugha ya wodini ndiyo iliyonitikisa kuliko zote, lakini wewe huna mtoto na hukulipa wakala. Milioni nne na nusu pamoja na karatasi yenye deni lisilo na tarakimu, hapana.

Leipzig nayo sijaikubali. Nimeiandikia hospitali kuuliza kama wataningoja mpaka mkopo wa benki uishe. Mpaka hapo B2 itakuwa mkononi, na mume wangu atakuwa ameshasema neno lingine zaidi ya "amua wewe". Wakikataa kungoja, nitajua walitaka mikono tu, yeyote mwenye nayo. Chuoni nilikwenda leo kudai hizo saa za masomo. Karani akaniambia nipige kesho. Kaka wa Leipzig, nimecheka peke yangu getini watu wakanishangaa. Utumishi nako nimeuliza kama naweza kuomba likizo bila malipo badala ya kuacha kazi. Afisa alinitazama, akatabasamu, akasema "andika barua", hakusema itajibiwa lini.

Mzee wa Muheza, vitanda arobaini sijavijibu na sitajifanya nimevijibu. Ninachoweza kusema ni kwamba miezi hiyo kumi na tisa nipo. Wiki hii amekuja binti anayejitolea, mhitimu wa mwaka jana. Usiku namfundisha kumpata mshipa mtoto mchanga bila kumchoma mara nne. Jana alipata mara ya pili.

Mstaafu, Muheza

Mara ya pili ni vizuri. Mwambie amfunge mtoto vizuri kwenye khanga kwanza, mkono mmoja tu ubaki nje.

Mleta mada, Tanga

Nitamwambia, mzee. Na wewe wa Mwanza, mfawidhi anasema anaweza kupokea mmoja zaidi wa kujitolea. Mshahara hakuna, chai ya usiku ipo. Njoo uchukue hiyo miaka mikononi kabla sijaondoka.

Mhitimu, Mwanza

Yaani dada, umekuja kuuliza wewe uhame, nimeishia kuambiwa nihame mimi?

Chumba Tanga ni shilingi ngapi?