Pikapu iliyonyanyuliwa inaruka nyuma ikiwa tupu: nianze kurekebisha wapi?

Mkazi_wa_Uyole ameandika:

Wakuu, habari za kazi.

Ninamiliki Toyota Hilux ya milango minne, ya dizeli, niliyoinunua ikiwa imekwisha kunyanyuliwa. Mbele iliwekewa springi za koili ndefu zaidi, na upande huo sina malalamiko. Shida iko nyuma. Kila springi iliongezewa pati, yaani bamba la chuma la springi, moja fupi iliyo nene kuliko nyingine zote, na shako, yaani vile vipande vinavyoshikilia ncha ya nyuma ya springi kwenye chesisi, zilibadilishwa zikawekwa nyingine zenye urefu wa ziada wa inchi mbili. Matairi ni 235/85R16 ya mizigo, yenye kuta ngumu, na aliyeniuzia alikuwa ameyajaza upepo hadi psi 45 yote manne.

Safari zangu nyingi ni kati ya Uyole, jijini Mbeya, na Kikondo kupitia Isyonje, huku gari likiwa tupu au limebeba watu tu. Kwenye lami hakuna tatizo kubwa, lakini nikiingia sehemu zisizo na lami, sehemu ya nyuma inaruka badala ya kufuata barabara, na kwenye kona yenye makorongo mkia unasogea pembeni kiasi cha kuwatisha abiria. Nikipakia magunia ya viazi gari hilohilo linatulia kabisa, kana kwamba si lile la asubuhi.

Nimeuliza mafundi wawili pale Mwanjelwa. Mmoja ameniambia ninunue shokapu mpya za gesi, mwingine akasema nirudishe gari chini kama lilivyotoka kiwandani. Hilo la pili sipendi kulifanya, kwa sababu wakati wa masika mifereji ya njia ile ina kina kirefu na urefu huu wa gari unanisaidia. Fedha za kubahatisha sina, hivyo ningependa kujua ni kitu gani kinachofaa kuguswa kwanza.

Fundi_Ipogolo amejibu:

Ndugu, jibu la sehemu kubwa umelitoa mwenyewe pale uliposema kwamba gari linatulia likibeba viazi. Shokapu iliyochoka haiponi kwa kupakiwa mzigo. Kwa kawaida gari lenye shokapu mbovu huzidi kuyumba linapobeba. Gari linalorusha likiwa tupu na kutulia likiwa limejaa lina springi ngumu kuliko uzito linalobeba siku nyingi, na hapo ndipo ningeanzia kabla ya kununua kitu chochote.

Watu wengi hudhani kuongeza pati moja kwenye pati tano ni kuongeza ugumu kwa sehemu moja ya tano. Ingekuwa hivyo kama pati mpya ingekuwa na unene na urefu unaokaribiana na wa zile nyingine. Ugumu wa pati hufuata kipeo cha tatu cha unene wake (unene mara unene mara unene), maana yake ni kwamba pati yenye unene wa milimita 10 ni ngumu takribani mara tatu ya pati ya milimita 7 yenye urefu na upana uleule. Ukiongeza kwamba yako ni fupi, ugumu huo unakusanyika katikati karibu na ekseli, na ncha zake zinasukuma pati ya juu yake mahali pamoja, jambo ambalo pia huivunja pati hiyo baada ya muda. Kwa hiyo pati ile fupi ndiyo mtuhumiwa wangu wa kwanza, wala simlaumu aliyeiweka ikiwa mwenye gari wa wakati huo alikuwa akibeba mbao kila siku kutoka Mafinga.

Mtuhumiwa wa pili ni shako. Springi inapokandamizwa hunyooka na kurefuka, na urefu huo hauna pa kwenda isipokuwa shako ikubali kuinamia nyuma. Lisimamishe gari mahali tambarare, likiwa tupu, uitazame shako kutoka ubavuni. Ncha yake ya chini inatakiwa iwe imeelekea nyuma kidogo kuliko ncha ya juu. Ikiwa imesimama wima kabisa, au mbaya zaidi ncha ya chini imeelekea mbele, basi springi ikitaka kurefuka inalazimika kwanza kuisukuma shako ishuke chini, na hapo inakuwa ngumu kama chuma kisichopinda hata kama pati zenyewe ni laini. Kuongeza pati huipinda springi zaidi, huyasogeza macho yake mawili, yaani matundu ya ncha zake, yakaribiane, na hivyo huivuta shako mbele. Ndiyo maana mabadiliko haya mawili yakifanywa pamoja huharibiana. Tena ujue kwamba shako iliyoongezwa inchi mbili inakupa inchi moja tu ya kunyanyuka, kwa kuwa ni ncha moja ya springi iliyoshuka na ekseli iko katikati.

Kabla ya hayo yote, lipo jambo lisilogharimu hata shilingi. Psi 45 kwenye tairi la namna hiyo, nyuma ya pikapu tupu, ni nyingi mno. Anza na psi 28 hadi 30 nyuma, upime asubuhi matairi yakiwa ya baridi, na urudishe upepo unapopakia. Tairi ndilo springi ya kwanza ya gari, na wewe umeifunga.

La mwisho kwa leo: legeza bolti za bushi za springi, ile mipira iliyo ndani ya macho yake, mbele na nyuma, kisha uzikaze tena gari likiwa limekanyaga chini kwa magurudumu yake. Fundi akikaza bushi za mpira huku ekseli inaning'inia kwenye jeki, mpira unashikwa ukiwa umejipinda, na gari likishushwa unabaki ukipigana na springi kila wakati. Kosa hili ninakutana nalo mara nyingi kuliko shokapu iliyokufa.

Dereva_wa_Makete amejibu:

Ninakubaliana na mkuu hapo juu kuhusu springi, lakini shokapu nisingeziondoa kwenye orodha haraka namna hiyo. Gari limenyanyuliwa, je, shokapu zilibadilishwa, au ni zilezile za urefu wa kiwandani? Kama ni zilezile, basi gurudumu likishuka kwenye shimo shokapu inafika mwisho wa urefu wake kabla springi haijamaliza kushuka, na hapo unasikia mgongo wa gari ukivutwa kwa kishindo. Dereva asiyejua hudhani ni springi ngumu, kumbe ni shokapu fupi.

Kulipima jambo hili ni rahisi. Nyanyua chesisi kwa jeki hadi magurudumu ya nyuma yaning'inie, weka stendi imara, kisha fungua shokapu upande wa chini. Ikiwa ekseli inashuka zaidi baada ya shokapu kufunguliwa, hiyo ndiyo iliyokuwa ikiizuia. Angalia wakati huohuo mpira wa breki usiwe ndio unaobeba uzito wa ekseli, maana kwenye magari yaliyonyanyuliwa mpira huo hubaki mfupi na watu husahau. Baada ya hapo pima pia upande wa kujikunja, kwa sababu shokapu ndefu kupita kiasi itagonga mwisho wake wa ndani kabla springi haijaifikia raba ya kizuizi kwenye chesisi, na shokapu ya namna hiyo haidumu.

Kuhusu gesi: faida yake kwenye barabara zetu za changarawe zenye mikunjo midogomidogo ni kwamba mafuta ya ndani hayatoi povu upesi yanapochemka. Shokapu ya kawaida ikishapata povu haizuii kitu hadi ipoe. Ila shokapu iliyotengenezwa kwa springi ngumu sana itakuumiza ukiwa tupu, kwa hiyo usinunue ile ambayo muuzaji anaisifia kwa ugumu.

Kwa siku ambazo huna mzigo, mimi huweka mifuko ya mchanga juu ya ekseli. Inasaidia.

Fundi_Ipogolo amejibu:

Nashukuru kwa kuongeza la urefu wa shokapu, nililiruka. Mifuko ya mchanga sitaipinga kwa anayeifunga vizuri, lakini mchanga usiofungwa unageuka kuwa hatari siku ya kufunga breki ghafla, na kuchoma mafuta kila siku ili kuilainisha springi usiyoihitaji ni gharama isiyo na mwisho.

Mama_Parachichi_Rungwe ameandika:

Habari zenu, kaka zangu. Naandika kama mtu wa mzigo, si fundi. Mimi nabeba parachichi kutoka mashambani hadi mahali pa kuzipanga, na tunda la kuuzwa nje ya nchi likipigwa ndani ya kreti halionyeshi jeraha siku ileile. Linaonyesha likishaiva, na wakati huo hakuna wa kulinunua. Kwa hiyo ulaini wa gari kwangu ni suala la bei.

Nilichojifunza ni kwamba springi ichaguliwe kwa mzigo wa siku nyingi, si kwa mzigo wa siku moja mbaya kuliko zote. Gari langu nalo limenyanyuliwa, ila urefu unatokana na springi nzima mpya zenye upinde mkubwa zaidi, pati zake ni ndefu na nyembamba, na hakuna kilichochomekwa. Kwa siku za mzigo mzito kuna mipira ya upepo kati ya ekseli na chesisi, ambayo naijaza ninapopakia na kuipunguza ninaposhusha. Ni gharama, sikatai, lakini inakupa magari mawili ndani ya moja. Atakayefunga ahakikishe kila upande una bomba lake la upepo, kwa sababu mabomba yakiunganishwa pamoja, kwenye kona upepo unakimbilia upande wa pili na gari linalala.

Jambo jingine ambalo wengi hulidharau ni uchafu. Vumbi la njia za huku likichanganyika na matope ya masika huingia kati ya pati na kukauka, kisha kutu inazishikanisha, na springi yenye pati saba inafanya kazi kama kipande kimoja. Mwambie fundi azifungue, azisugue kwa brashi ya waya, apake grisi yenye grafaiti, na abadilishe vile vipande vya plastiki vilivyo kwenye ncha za pati ikiwa vimelika. Tofauti utaisikia siku hiyohiyo.

Naomba pia uwe mwangalifu unapohesabu mzigo kwa magunia. Gunia la viazi kisheria halitakiwi kuzidi kilo 100, lakini lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, bado ipo, na magunia manane ya lumbesa si mzigo wa magunia manane. Usipojua uzito wako wa kweli, utaishia kuchagua springi isiyo yako.

Mkazi_wa_Uyole amejibu:

Nawashukuru sana nyote, dada yangu wa Rungwe na wakuu. Nimepunguza upepo hadi psi 28 nyuma, na kwa hilo pekee kishindo cha mawe madogo kimepungua sana, ingawa kwenye mashimo makubwa gari bado linaruka. Shako nimezitazama: zimesimama wima, na upande wa kushoto ncha ya chini imeanza kuelekea mbele. Shokapu zilikuwa zimebadilishwa na zina urefu wa kutosha, kwani tulipozifungua ekseli haikushuka zaidi.

Yamebaki maswali mawili. Nikiitoa ile pati fupi, je, gari litashuka sana? Na lipo jambo ambalo sikulitaja mwanzoni: ninapoondoka nikiwa na mzigo, nasikia mtetemo chini ya sakafu ambao unaisha mwendo ukiongezeka. Je, unahusiana na haya?

Fundi_Ipogolo amejibu:

Unahusiana. Nyuma ilipopandishwa, pembe kati ya propela shafti, ile fimbo ndefu inayopeleka mzunguko nyuma, na difu iliyo kwenye ekseli ilibadilika, na krosi, yaani viungo vya shafti hiyo, hufanya kazi kwa kusumbuka hasa unapokanyaga mafuta ukiwa na mzigo, wakati ekseli inajizungusha kidogo kwenye springi zake na kuinua pua ya difu. Kagua kwanza krosi zenyewe na beringi ya kati ya propela. Zikiwa nzima, kabari nyembamba ya chuma kati ya springi na ekseli itairudisha difu kwenye pembe yake, lakini pembe hiyo ipimwe, isikadiriwe kwa jicho.

Kuhusu urefu, ukiitoa pati fupi gari litashuka, na kiasi kinategemea zile nyingine zimechoka kiasi gani. Ushauri wangu ni kuitoa na kuweka mahali pake pati ndefu yenye unene sawa na wenzake, iliyopindwa kuendana nazo, inayofika karibu na ncha za springi. Utapata sehemu kubwa ya urefu wako bila ule ugumu wa katikati. Shako rudisha za kiwandani, kisha uangalie tena pembe yake. Mtu akikushauri uweke bloku za chuma juu ya ekseli ili kufidia urefu, bloku moja fupi iliyotengenezwa vizuri inavumilika na haiongezi ugumu, lakini inaongeza ule mzunguko wa ekseli unaokuletea mtetemo, na bloku mbili zilizopandanishwa usizikubali kabisa. Yu-bolti, zile zinazofunga springi kwenye ekseli, zinunuliwe mpya, kwa kuwa za zamani zimekwisha kuvutika, na zikazwe tena baada ya kilomita mia chache.

Sasa naomba ulitilie maanani hili kuliko starehe ya abiria. Hilux nyingi zina vali ya breki za nyuma iliyounganishwa na ekseli kwa fimbo. Gari likipakiwa, chesisi inashuka kuelekea ekseli, fimbo inasogea, na vali inaruhusu nguvu zaidi ya breki nyuma. Gari lako limenyanyuliwa, na kama fimbo haikurekebishwa, vali inadhani gari ni tupu muda wote, hata ukiwa na viazi vya kukujaza bodi. Breki za mbele zinabeba sehemu kubwa mno ya kazi, zinachemka, na mteremko wa kutoka Kikondo hadi Isyonje si mahali pa kugundua hilo, wala ule mteremko wa Kitonga. Ingia chini ya gari uangalie kama vali hiyo ipo. Ikiwepo, irekebishwe baada ya springi kufungwa na gari kukaa kwenye urefu wake mpya, kwa kufuata vipimo vya gari lako na kipimo cha presha ya mafuta ya breki, kisha lijaribiwe tupu na likiwa limepakiwa, kwenye tambarare kwanza. Fundi asiye na kipimo hicho akufungie springi tu, na kazi ya vali umpelekee mwingine.