Maji yanachemka kwa digrii 95 hapa Goma: kipimajoto kibovu?

Muulizaji (Himbi, Goma): Wakubwa, habari. Maji yakichemka kipimajoto kinasimama kwenye 95, hata makala yakiongezwa kwenye babula (jiko la makaa). Vitabu vya shule vinasema 100. Kimeharibika? Na maharagi mbona hayaivi upesi?

Jibu (Ibanda, Bukavu): Ni kizima, ndugu. 100 ni ya usawa wa bahari. Goma iko karibu mita 1,500 juu; hewa inayakandamiza maji kwa nguvu ndogo, basi mvuke unajitoa mapema. Kila mita 300 hupunguza takriban digrii 1. Kukihakiki, kitie kwenye barafu iliyopondwa yenye maji kidogo, koroga, ngoja dakika 3: kisome 0. Kisiguse tako la sufuria, kitadanganya.

Jibu (Lubumbashi): Makala ya ziada ni hasara tupu! Maji yakishachemka, moto hauongezi joto, unafanya mvuke tu. Kupasha kilo 1 kutoka digrii 20 hadi 95 kunataka kilojuli 314 hivi. Kuigeuza yote mvuke, zaidi ya 2,200. Punguza moto, funika. Maharagi yalale majini usiku kucha, na nyanya ziingie mwisho, maana asidi inachelewesha kulainika. Sufuria ya presha inafika karibu 120, hiyo ndiyo dawa.

Muulizaji: Na vijidudu vinakufa kwa 95?

Jibu (Ibanda, Bukavu): Vinakufa. Yatokote dakika 1 kamili, yapoe yakiwa yamefunikwa. Yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa.