Kijiji cha watoro Suriname: lami ifike au isifike?

Wadau, hili tulijadili bila jazba.

Wasaramaka wa Suriname, nchi ya Amerika Kusini, ni kizazi cha Waafrika waliotoroka utumwa kwenye mashamba ya Waholanzi, wakapigana kutokea msituni hadi mabwana wakakubali mkataba wa amani mwaka 1762. Kwa Kiswahili ni watoro, kama wale wa Fuladoyo nyuma ya pwani ya Kenya. Vijiji vyao vimejipanga kando ya Mto Suriname. Lami inakomea Atjoni. Kuanzia hapo karibu kila kitu hupanda mtumbwi mrefu wa mashine: saruji, mtungi wa gesi, pipa la dizeli ya jenereta ya kijiji. Kiangazi mawe yakichomoza, abiria hushuka wakasukuma.

Je, lami isogezwe mbele?

Mimi nasema hati ya ardhi kwanza. Hawa "maendeleo" wanayajua. Bwawa la Afobaka lilijengwa miaka ya 1960 kulisha umeme kiwanda cha alumini. Maji yakameza vijiji, watu kama 6,000 wakahamishwa, na wengi wao wakakaa miaka gizani huku umeme ukizalishwa kwenye mto wao. Miaka ya 1990 serikali ikagawa vibali vya magogo msituni mwao bila hata kubisha hodi. Walishtaki. Novemba 2007 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ikaamua ardhi yao ipimwe na itambuliwe, na mradi mkubwa usiingie bila ridhaa yao. Zaidi ya miaka 10 baadaye, hati bado.

— Mkuu, unaandika hayo barabara ikiwa mlangoni kwako. Mama ameshikwa na uchungu usiku, mto umekauka, umwambie asubiri hati?

— Naunga mkono. Halafu hiyo saruji ya mtumbwini inauzwaje ikifika? Nyumba ya tofali inakuwa ndoto.

— Nyie hamjawahi kuona barabara ya msituni. Mwenye mgonjwa hupita mara moja kwa mwezi, lori la magogo hupita kila siku. Nyuma yake wachimba dhahabu na zebaki yao.

— Mleta mada hapa. La mama mjamzito umenibana. Zahanati za Medische Zending, shirika la afya la huko bara, zipo huko mtoni, na mahututi huchukuliwa kwa ndege ndogo hadi Paramaribo, mji mkuu, ila ndege haiji kwa kila uchungu. Basi nalegeza kidogo: waulizwe wenyewe kwenye kuutu, baraza lao, makapiteni, yaani wakuu wa vijiji, wakiwepo, na ramani iwe mezani kabla greda halijawashwa.

— Wakikataa?

— Greda lirudi.

— Na kwenye hiyo kuutu, huyo mama wa uchungu atasikilizwa, au wataongea wazee tu?