Helpa springi za Hilux ya kubeba saruji: jani la ziada, helpa ya juu au begi la hewa?

saruji_na_nondo
Habari zenu wakuu. Gari ni Hilux kebini moja, springi za majani nyuma. Kazi yake ni mifuko 20 ya saruji (kilo 1,000) kwa safari, nusu ya njia ni vumbi na makorongo. Vipimo: kutoka katikati ya hab (kitovu cha gurudumu) hadi ukingo wa bodi juu ya tairi, likiwa na mzigo linashuka milimita 120. Mizani inaonyesha ekseli ya nyuma imeongezeka kilo 840, yaani kutoka 750 hadi 1,590. Likisimama, nafasi kati ya stopa (mpira unaozuia ekseli isigonge chesi) na ekseli inabaki milimita 15 tu, kwa hiyo kila shimo linagonga. Fundi mmoja anasema tuongeze jani, mwingine anasema begi la hewa, wa tatu anataka kuchomelea helpa (springi ya msaada). Nifuate lipi?

fundi_majani
Mkuu, umefanya la maana kupima kabla ya kununua.

Anza na springi ulizonazo. Egesha likiwa tupu sehemu tambarare, pima kulia na kushoto. Zikipishana zaidi ya sentimita moja hivi, au jani kuu limenyooka kabisa bila mzigo, springi zimechoka. Hapo badilisha seti nzima kwanza, kwa sababu helpa juu ya springi mfu inaficha ugonjwa tu, na siku jani kuu likikatika kwenye jicho (pete ya mwisho wa jani), ekseli inahama. Kagua pia bushi na shako (kiungo kinachoshika ncha ya nyuma ya springi).

Kama ni nzima, hesabu iko hivi. Kilo 840 kwa milimita 120 ni kilo 7 kwa kila milimita, pande zote mbili, sawa na 3.5 kila upande. Chukua helpa yenye ugumu wa kilo 1.5 kwa milimita kila upande, inayoanza kugusa baada ya gari kushuka milimita 40. Sasa mzigo ule ule utashusha milimita 96 badala ya 120, na nafasi ya stopa inapanda kutoka 15 hadi 39. Likiwa tupu, helpa haigusi kitu, ulaini unabaki ule ule. (Hesabu hii inafaa kwako kwa sababu stopa haijagusa likisimama. Ingekuwa imegusa, sehemu ya mzigo ingekuwa inabebwa na mpira, na springi ingeonekana ngumu kuliko ilivyo.)

Ndiyo maana napendelea jani nene lililonyooka chini ya kifurushi cha majani, linaloguswa mzigo ukiingia, kuliko jani lililopinda linalofanya kazi muda wote. Hilo la pili litakupa gari linaloruka kama mbuzi kwenye matuta madogo likirudi tupu. Na usichague unene kwa macho: ugumu unakwenda na unene × unene × unene. Jani la milimita 8 ni gumu mara 2.37 ya la milimita 6 la urefu na upana ule ule.

Kuchomelea, kataa. Chuma cha springi kikipata moto wa kulehemu kinakuwa kikavu pembeni ya weldi na kinakatikia hapo hapo. Hali kadhalika kupasha moto jani kwa gesi ili lipindwe: pale palipopashwa panapoteza ukali, na baada ya muda mfupi panalala tena.

saruji_na_nondo
Asante sana mkuu. Kufunga kwenyewe kuna mtego gani? Na breki zinaguswa?

fundi_majani
Mitego ipo. Weka kabari tairi za mbele, chesi ikae kwenye stendi, jeki nyingine ishike ekseli. Kabla ya kufungua senta bolti (bolti ya katikati inayoshikanisha majani), bana kifurushi kwa klempu mbili, moja kila upande wa bolti. Usipobana, majani yanafumuka kwa nguvu na vidole viko pale. Senta bolti mpya iwe ndefu zaidi, lakini kichwa kiwe na kipenyo kile kile, kwa sababu ndicho kinachokaa kwenye tundu la kiti cha ekseli. Kikilegea humo, ekseli inakwenda mshazari.

Yubolti (bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) nunua mpya, ndefu zaidi kwa unene wa jani uliloongeza. Za zamani uzi umeshavutika. Kaza kwa msalaba, kidogo kidogo, hadi kipimo cha kitabu cha gari, halafu rudia baada ya kilomita 100 na tena 500, maana majani yanakaa na yubolti zinalegea. Senta bolti nyingi zinazokatika chanzo ni hicho: yubolti ikilegea, bolti ndogo ndiyo inayobeba msukumo wote wa breki. Bolti za macho ya springi na za shako zikazwe gari likiwa limesimama kwa tairi zake, vinginevyo bushi za mpira zinajipinda na kuchanika.

Breki: kama gari lako lina ule ufito unaotoka ekseli kwenda kwenye valvu ya breki za nyuma, valvu inasoma mzigo kwa umbali wa chesi na ekseli. Springi zikiwa ngumu zaidi, chesi haishuki kama zamani, valvu inadhani gari ni tupu na inapunguza nguvu ya breki za nyuma wakati umebeba tani. Lazima irekebishwe upya. Taa za mbele nazo.

chesi_haidanganyi
Kuhusu begi la hewa. Springi ya majani inapeleka mzigo kwenye chesi kwa ncha zake mbili, hanga ya mbele na shako ya nyuma. Begi linasukuma katikati, juu ya ekseli. Ukijaza hewa nyingi na mzigo umelala nyuma ya ekseli, chesi inapinda, hasa kati ya kebini na bodi. Kwa saruji ya kila siku barabara ya makorongo, nisingeweka. Ukiweka, begi la kila upande liwe na paipu yake ya hewa. Ukiunganisha paipu mbili kwa kiungo cha T, kwenye kona hewa inahamia upande wa pili na gari linalala. Begi lisiguse paipu ya breki wala kukaa karibu na ekzosi.

Panga mifuko kuanzia kebini kurudi nyuma, isirundikwe mlangoni.

tairi_namba
Soma namba ya mzigo ubavuni mwa tairi. 104 ni kilo 900, kwa hiyo mbili zinabeba 1,800 na wewe uko 1,590. Ukikuta 95, hiyo ni kilo 690 tu, mbili 1,380, na hakuna helpa itakayokuokoa hapo. Linganisha pia na kibati cha gari chenye uzito unaoruhusiwa: helpa haiongezi uzito unaoruhusiwa wa ekseli hata kilo moja.

saruji_na_nondo
Tairi zangu ni 104. Naenda kutafuta jani nene la chini na yubolti mpya nne. Vipimo vipya nitaviweka hapa.