Dadangu ako na LAM, wanasema jeni ya TSC2 imeharibika. Hii ni kansa?

Nyalenda_B:
Wadau habari zenu. Dadangu ako na miaka 36, tuko Kisumu, kazi yake ni kukaanga samaki. Amekuwa akikosa pumzi tangu mwaka juzi, na mara mbili hewa imevuja nje ya pafu ikambana hadi wakamwekea paipu kwa mbavu. Akaanzishiwa dawa za TB na makohozi hayajawahi kuonyesha TB, bado anazimeza. Sasa majuzi akapigwa siti skani, mapafu yote mawili yamejaa vifuko vidogo vidogo vya hewa, daktari akasema ni ugonjwa wa mapafu unaoitwa LAM na unatokana na jeni ya kuzuia uvimbe inaitwa TSC2. Nyumbani wengine wanasema ni moshi wa samaki, wengine wanasema ni kansa na wasichana wake wataipata. Anayeelewa anieleze polepole tafadhali, mama halali.

Mama_Njoro:
Pole sana ndugu yangu. Binamu yangu hapa Nakuru alitibiwa pumu kwa muda mrefu kumbe ni hiyo hiyo. Moshi ni mbaya kwa mapafu na mimi siutetei, lakini LAM haiji na moshi, karibu wote wanaoipata ni wanawake, hata wale hawajawahi kuvuta sigara ama kupika na kuni. Homoni ya estrojeni inaichochea kwa hivyo kama anatumia tembe za kupanga uzazi zenye estrojeni amwambie daktari haraka wabadilishe. Na akitaka kubeba mimba waongee kwanza, mimba inaweza kuizidisha.

Labtek_Kakamega:
Nyalenda pole, na mwambie mama asikate tamaa. TSC2 iko kwa kromosomu ya 16 na kila mtu ako na nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Protini yake inashikana na ile ya jeni ingine inaitwa TSC1 kuzuia kitu kinaitwa mTOR, ambayo ndiyo inaambia seli ikue. Chukulia wale walinzi wa lango la maji kwa mashamba ya mpunga Ahero: mmoja akilala mwingine bado anafunga, wakilala wote wawili maji yanafurika. Ndivyo inakuwa kwa LAM, nakala zote mbili zikiharibika ndani ya seli moja, hiyo seli inazaana bila kusimamishwa, na hizo seli zinakula nyama ya pafu pole pole hadi zinaacha vifuko, kifuko kikipasuka ndio hewa inavuja.

Kuhusu kansa, jibu la kweli ni kwamba ni uvimbe wa kiwango cha chini. Unaenda polepole sana kuliko kansa ya mapafu tunayoijua, lakini seli zake zinasafiri mwilini. Kuna waliowekewa mapafu ya mtu mwingine na seli zao za LAM zikaonekana tena kwa hayo mapafu mapya.

Sasa wasichana. LAM ziko mbili. Moja jeni inaharibika mwilini mwa huyo mtu tu, hakurithi na harithishi, hiyo ilionyeshwa mwaka wa 2000 wakati watafiti walipata TSC2 imeharibika kwa pafu na uvimbe wa figo wa wagonjwa lakini kwa seli zao za kawaida iko sawa. Ingine inakuja na ugonjwa wa kurithi unaoitwa tuberasi sklerosisi, hapo kila mtoto ako na nafasi ya nusu kwa nusu. Alikuwa na kifafa utotoni? Ako na vipele vigumu puani na mashavuni ama mabaka meupe kwa ngozi?

Nyalenda_B:
Hapana, hana kifafa, ngozi iko safi. Erokamano sana, hiyo ya watoto ndiyo ilikuwa inatumaliza. Dawa iko?

Labtek_Kakamega:
Basi inaelekea si ya kurithi, lakini daktari ndiye athibitishe. Dawa iko, inaitwa sirolimusi, ilitoka kwa bakteria ya udongo wa kisiwa cha Rapa Nui na ilikuwa ya watu waliowekewa figo. Inafanya ile kazi TSC2 imeshindwa kufanya, inazima mTOR. Utafiti uliotolewa 2011 na wanawake 89 ulionyesha inasimamisha pumzi isiendelee kushuka, na walipoacha ikaanza kushuka tena, kwa hivyo haiponyi, inashikilia. Marekani waliipitisha kwa LAM 2015.

Lakini sikia hii vizuri: rifampisini iliyo ndani ya dawa za TB inashusha sirolimusi kwa damu sana, na sirolimusi yenyewe inapunguza kinga, kwa hivyo kama TB iko kweli inaweza kumlemea. Asiache dawa za TB mwenyewe, makohozi kuwa safi peke yake hakutoshi kusema hana. Daktari wa kifua aamue suala la TB kwanza kabla ya kuanza hiyo ingine.

Mama_Njoro:
Na wampime figo pia, binamu yangu walimpata na uvimbe huko na hakuwa anasikia chochote, ukizidi sentimita 4 unaweza kuvuja damu. Kifua kikimbana ghafla tena msingoje asubuhi, mkimbize usiku huo huo na mbebe ile skani.