Naomba ushauri: kutofautisha folda na kifurushi kwenye macOS

Wakuu habari. Naandika kaprogramu ka kupanga mafaili. Mtumiaji akiburuta kitu dirishani, nakikagua kwa isDirectory (sifa inayosema kama kitu ni folda). Kikiwa folda, naingia ndani kusoma yaliyomo. Sasa jana nimeburuta hati ya .rtfd (maandishi yenye picha), ambayo ni kifurushi, yaani folda ambayo Finder (programu ya Mac ya kuonyesha mafaili) inaionyesha kama faili moja tu, programu ikaipasua na kuniletea TXT.rtf na picha zake, kila kitu kivyake!

Nimejaribu isPackageKey (inayouliza kama kitu ni kifurushi): .app (programu za Mac) na .rtfd zinatambulika vizuri. Kinachonitoa jasho ni hati za kiambishi changu mwenyewe (herufi za mwisho wa jina la faili, kama .rtfd). Kwenye mashine ambayo programu iliyosajili aina hiyo haijawekwa, jibu linarudi false (yaani si kifurushi), hati inageuka folda ya kawaida. Kuorodhesha viambishi kwa mkono naona ni kujitafutia balaa. Nyie mnafanyaje?